Ini la Chewa wa Mkesha

Hapa Nexø, bandari yetu ya wavuvi, mkesha wa mwaka mpya bila chewa wa kuchemsha na mchuzi wa haradali si mkesha. Na baba yangu, mzee Thorvald, haanzi na mnofu, anaanza na ini.

Safari hii ini lilikuwa na kazi nyingine. Nataka boti yetu ya kuvulia ikatwe vipande iuzwe chuma chakavu, na baba hataki, na ni yetu sote wawili. Mwanangu Jeppe ana kazi nzuri kwenye mitambo ya upepo, lakini babu yake hachoki kumwita arudi kuvua. Kuvua nini, jamani? Mwishowe mzee akasema, "Niletee chewa wa bahari yetu. Ini likiwa bovu, boti ikatwe; likiwa nono, inabaki."

Kumvua chewa ni marufuku, lakini mmoja alijiingiza kwenye nyavu za samaki bapa. Kichwa kikubwa, mwili umekondeana. Nikampasua: ini minyoo mitupu. Nikamwachia mke wangu Vibeke ampike, nikaenda kuoga.

Mezani baba alitafuna ini, akafumba macho. "Nono! Si nilikwambia wamerudi?"

Nilimfuata Vibeke jikoni, nimefura.

"Ulitaka nimlishe mzee minyoo?" akaninong'oneza. "Nimenunua wa Norway dukani. Mbona hukuniambia mmewekeana masharti?"

Nikabeba ndoo alimomtupa chewa wetu, nikaiweka mbele ya baba. "Huyu ndiye wetu. Uliyemla ni wa Norway."

"Palle, kwa uongo hujambo! Huyo ana minyoo ya sili. Sili ndio wezi, hao wanyama wa baharini wanaotumalizia samaki."

"Sili peke yao, baba? Kule chini maji hayana hewa, mbolea ya mashamba na joto vimeyaua. Chakula cha chewa kimezolewa na meli kubwa. Na sisi je, enzi zako, tulimbakiza nani?"

"Enzi zangu tulivua na wakazaana!" Tayari ameshampigia Jeppe, simu kaiweka kwenye spika. "Mjukuu wangu, ini lina mafuta, yananidondoka kidevuni!"

"Kweli, babu? Basi kesho naaga kazini, narudi kuvua."

Nikamnyang'anya simu. "Jeppe, sikiliza, ni samaki wa dukani! Muulize mama yako!"

Nikadhani amenielewa.

"Baba," akasema kwa upole, "wewe hiyo boti hukuitaka tangu zamani." Akakata simu.