Koti Linaloingia Mfukoni

Safari hii mkunga aliingia hospitali kama mgonjwa, na jambo hilo lilimuuma kuliko nimonia yenyewe. Miaka yote aliyovaa sare, yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu walale, wanywe dawa, waache ubishi. Sasa alikuwa amelazwa ghorofa ya chini ya wodi yake mwenyewe, akisikia kwa juu vitanda vya wazazi vikisukumwa, na wauguzi wenzake wakimpitia kwa zamu kumtania.

"Sista, kumbe samaki nao wanalaza watu?"

Si samaki waliomlaza, ni mvua. Siku zake za mapumziko alikuwa na shughuli moja tu aliyoipenda kama ile ya kupokea watoto: kuvua kwa mshipi kwenye bwawa lililoko juu ya mji, mahali ambapo gari huishia getini na mtu hupanda kilima kwa miguu, vitu vyake mgongoni. Koti la mvua alikuwa nalo, tena koti hasa, la mpira mnene, alilorithi kwa baba yake. Ila lilikuwa zito kama godoro lililoloa. Siku ile alitazama kilima, akatazama jua lilivyowaka, akaliacha garini. Mvua ikamkuta kando ya bwawa, mbali na mti wowote, ikamnyeshea mpaka soksi, na yeye kwa ukaidi akaendelea kuvua.

Siku aliporudi nyumbani, mumewe alimpokea mkoba, akamkalisha, akampa chai, kisha akasema, "Mama watoto, uvuvi basi."

Mumewe alikuwa fundi wa kufuli, mpole, mtu wa maneno machache. Kwa miaka yote waliyokaa pamoja hakuwahi kumkataza jambo. Kwa hiyo mkunga aliweka kikombe chini taratibu.

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Sikiliza, baba watoto. Mimi sikuumwa kwa sababu ya samaki, niliumwa kwa sababu ya koti. Nitanunua jingine. Jepesi, la kukunja likaingia mfukoni, nisiweze kulisahau hata nikitaka. Hayo mengine tumemaliza."

Fundi hakubisha. Alijua fika kwamba kwa mdomo hamwezi mkewe, kwa hiyo akaenda kuazima mdomo wa dada yake.

Dada huyo alikuwa msusi. Saluni yake ilijaa kutwa, nusu ya wateja wakija kwa ajili ya nywele na nusu kwa ajili ya kumsikiliza. Jumamosi alimwachia msaidizi wake kazi, akatokea mlangoni kwa mkunga amevaa viatu vya kutembelea.

"Wifi, kaka kanituma nikukataze."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nasema kwanza tukayaone hayo makoti."

Duka lenyewe lilikuwa la vifaa vya safari. Mahema yalining'inia darini, viatu vya kupandia milima vimepangwa ukutani, na hewa nzima ilinuka mpira mpya. Muuzaji, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alikuja mbio.

"Karibuni mama zangu. Mnasafiri?"

"Navua samaki," alisema mkunga. "Nataka koti la mvua lisilo na uzito."

Kijana akatoa la kwanza, kitambaa chembamba kama ganda la kitunguu. "Hili ukilivaa, mama, unasahau kama umevaa kitu."

"Na mvua nayo itasahau?"

Wifi akaangua kicheko. Mkunga akaomba ruhusa, akatoa chupa ya maji mkobani, akaingiza mkono wake ndani ya koti na kumwaga maji kidogo juu ya bega. Maji yakateleza kama shanga. Kijana akatabasamu, lakini mkunga hakuwa amemaliza. Akaweka mkanda wa mkoba juu ya pale palipoloa, akaukandamiza, akasubiri. Alipotoa mkono, kiganja kilikuwa na unyevu.

"Mimi napanda kilima na mkoba mgongoni," alisema. "Mkanda ukikaza hapa, maji yanapita. Lete jingine."

La pili lilikuwa imara, lenye mishono iliyozibwa kwa utepe ndani. Mkunga alilipenda mpaka alipojaribu kulikunja. Alilikunja, likakunjuka. Akalikalia, likakunjuka. Mwisho aliliviringisha likawa kubwa kama mto wa kitanda.

"Hili nalo tutaliacha garini, wifi," alisema msusi. "Halafu tutakuja kukuona wodini tena."

La tatu liliingia ndani ya mfuko wake lenyewe na kubaki na ukubwa wa chungwa. Mkunga akalivaa, akavuta kigoda cha kujaribia viatu, akaketi katikati ya duka kama aliyekaa juu ya jiwe lake bwawani. Akanyanyua mikono yote miwili, akarusha mshipi ambao haupo. Wateja wawili waliokuwa wakitazama tochi wakageuka.

"Wifi, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Mikono ya koti haikupanda, umeona? Makoti mengine huniacha viwiko nje."

Kisha akavaa kofia ya koti na kugeuza shingo kushoto. Kofia ikabaki imetazama mbele, jicho lake moja likawa gizani. Akatafuta kamba ya nyuma ya kisogo, akaivuta, akageuka tena. Safari hii kofia ikamfuata. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama anavyofanya akisikia mtoto mchanga amelia vizuri.

Ilibaki rangi. Yalikuwapo ya kijivu na ya rangi ya machungwa yaliyoiva, yanayowaka. Kijana alishauri kijivu.

"Hii nyingine, mama, samaki watakimbia."

"Samaki hawanitafuti mimi," alisema mkunga. "Nikiteleza kule juu, watu ndio watakaonitafuta."

Wifi yake, aliyekuwa akitania tangu asubuhi, alilichukua lile linalowaka. Akamsaidia kulikunja, akalishika yeye mwenyewe mpaka nje.

Nyumbani, mkunga hakulaza damu. Aliingia bafuni na nguo zake zote, koti juu, akafungulia maji ya bomba la mvua. Fundi alikuwa ukumbini. Alisikia maji, akasikia mkewe akiimba, kisha akasikia kimya, halafu, "Ala!" Mkunga akatoka na shati lililolowa kifuani. Zipu ilikuwa imepitisha maji.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani. Kijana wa ndevu alimtazama, akatazama koti, akakuna shingo.

"Lakini mama, koti si la kuogea."

"Ni la nini?"

"La mvua."

"Na mvua ni nini, mwanangu?"

Mwenye duka, mama mnene mwenye miwani iliyosukumwa juu ya paji la uso, alitoka nyuma akiwa anacheka. Akaipitisha zipu vidoleni juu na chini, akakubali kwamba ule ubavu wa kitambaa unaoifunika ulishonwa mbali mno. Akaleta jingine la rangi ileile, akalikagua mbele yao, akampa. Jioni ile bafuni palisikika wimbo mzima mpaka mwisho, na mkunga alipotoka, shati lilikuwa kavu. Alijipitisha mbele ya mumewe. Fundi alishika gazeti, macho yamesimama mahali pamoja.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mkunga ya kupumzika. Aliamka, akafunga vitu, koti mfuko wa pembeni. Akamwambia mumewe anakwenda upande gani wa bwawa na kwamba atarudi kabla ya chakula cha jioni.

"Haya," alisema fundi, akaondoka kwenda kwenye kibanda chake cha kufuli.

Kilima hakikumtesa. Mapafu yalikuwa yamepona, na yeye aliyasikiliza kama anavyosikiliza ya watu wengine, akapanda bila haraka. Bwawa lilikuwa limetulia. Alikaa juu ya jiwe, akatia chambo, akarusha. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila ndege weusi waliokuwa wakizama na kuibuka mbali. Kisha upepo ukageuka, maji yakapata rangi ya bati, na mkunga, bila kungoja tone la kwanza, akachomoa koti, akalikunjua kwa mtikiso mmoja, akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni.

Mvua ilikuja kwa kishindo. Ilipiga maji, ikapiga mawe, ikampiga yeye mabegani kama mtu anayempongeza. Mkunga alikaa ndani ya koti lake akahisi vile anavyohisi wodini vitu vinapokwenda sawasawa, kila kitu mahali pake na mikono inajua la kufanya. Akacheka peke yake. Hapo ndipo mshipi ulipovutwa.

Haukuvutwa kidogo. Fimbo ilijikunja, mshipi ukapiga kelele, na mkunga akasimama, miguu imeachana. Kitu kizito kilikuwa kinaelekea chini, kwenye matope. Akakipa mshipi, akakinyima, akakipa tena.

Katikati ya kazi hiyo aliona mwavuli. Ulikuwa mwavuli mweusi, unakuja njiani kwa kuyumba, na chini yake suruali ya kazi na viatu vya kibandani. Upepo ukauingia, ukaugeuza nje ndani, na aliyeubeba akabaki ameshika mti wenye vyuma vilivyosimama kama nywele. Alikuwa mumewe.

"Mama watoto!" alipaza sauti. "Twende nyumbani!"

"Shika wavu!"

"Nini?"

"Wavu! Hapo karibu na mkoba! Mtie kwa kichwa, usimtie kwa mkia!"

Fundi aliutupa mwavuli. Akauchukua wavu, akateleza, akaingia majini mpaka magotini, akajikaza. Kambare akaibuka, mweusi, mpana kichwa, sharubu kama babu mwenye hasira. Mara ya kwanza fundi alimkosa. Mara ya pili alimtia wavuni kwa kichwa, kama alivyoambiwa, na wote watatu wakaishia kwenye majani, samaki akipiga mkia na wanandoa wakihema.

"Umefunga kibanda?" mkunga aliuliza alipopata pumzi. Hakuwahi kumwona akifunga kibanda mchana.

"Niliona mawingu."

Maji yalimchuruzika puani. Shati lilimganda mwilini, midomo ilianza kutetemeka. Mkunga akamshika mkono wa kulia, akafungua kidogo mkono wa koti, akauingiza mkono wa mumewe ndani mpaka kiwiko.

"Gusa."

Fundi akagusa. Ndani palikuwa pakavu na pana joto. Hakuutoa mkono.

"Ulipokuwa umelala pale," alisema, akimtazama samaki, "ulikuwa unapumua kama mtu anayepanda ngazi. Usiku kucha unapanda. Mimi niko kwenye kile kiti cha plastiki, nasubiri kila pumzi ifike juu. Sikujua nimkasirikie nani. Nikaukasirikia uvuvi."

Mkunga alikuwa amewaona waume wengi kwenye korido ya wodi yake, wamekaa kwenye viti vilevile, mikono katikati ya magoti. Amewapita mara ngapi na beseni mkononi, akawaambia watulie! Lakini huyu wake hakuwahi kumfikiria pale. Yeye alikuwa kitandani akiwaza aibu ya kuchekwa na wenzake.

"Sikukuuliza ulikaaje," alisema.

"Hukuuliza."

"Ulikaaje?"

"Vibaya."

Mvua iliendelea. Walikaa hivyo, mkono wake ndani ya mkono wa koti, mpaka fundi alipopiga chafya kubwa iliyowatisha ndege.

"Sitaacha kuvua," alisema mkunga.

"Najua. Nimekuona ukioga na koti." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ila ukifika getini nipigie. Ukitoka nipigie. Mimi nikiona mawingu tu, kibanda chenyewe sikioni."

"Hilo nakupa."

Walishuka kilima, yeye mbele na samaki, mumewe nyuma na fimbo na kile kilichobaki cha mwavuli. Kesho yake ni fundi aliyelala kitandani na mafua, si nimonia ila mafua ya kweli, na mkewe akamwambia alale, anywe dawa, aache ubishi. Msusi alikuja kumtazama, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaipeleka habari saluni. Kufikia Jumamosi wateja walikuwa wakisimuliana kwamba kambare yule alikuwa na urefu wa benchi.

Jioni ile ya Alhamisi, lakini, kabla mafua hayajamshika sawasawa, fundi alikataa kulala. Alivaa sweta, akanoa kisu, akasimama mbele ya meza ya jikoni akimkata kambare vipande vinene, akiuliza wapi pa kuanzia na asisikilize jibu. Mkunga akabandika sufuria, akamwambia asogee kidogo, anamzibia mwanga.