Boti Iliyoitwa Beverley

Mimi si mtu wa kuvumilia upuuzi, na mwaka ule Glenys alinijaribu kweli kweli. Tumepika pamoja miaka kumi na tisa katika jiko la shule ya msingi hapa mjini Todmorden, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Mumewe, Barry, alimwacha akahamia kwa mwanamke wa saluni aitwaye Beverley. Talaka ikapita, nyumba ikauzwa, na fungu la Glenys, pauni elfu ishirini na mbili, likaingia benki kwa mkupuo. Alifurahi siku moja tu. Mshahara wa jikoni hautoshi. Serikali humjazia, na humsaidia kulipa kodi ya chumba. Ila mwenye akiba inayozidi elfu kumi na sita hukatwa msaada wote.

Wenzetu wa bingo wakamjaza maneno: zifiche, nenda likizo Tenerife ukazimalize ufukweni. Nikamburuta hadi kituo cha ushauri. Dada wa pale akamwambia aripoti kila senti, na kwamba ukitapanya fedha makusudi ili uendelee kusaidiwa, wanakuhesabia kana kwamba bado unazo. Lakini fedha za nyumba iliyouzwa, kama nia yako ni kununua makao mengine, haziguswi kwa miezi sita.

“Kwa hela hii Todmorden sinunui hata choo,” Glenys akalalamika tulipotoka.

“Kwenye nchi kavu,” nikamwambia, nikamwonyesha mfereji unaopita mjini, na boti ambazo watu huishi ndani yake.

Tukaanza kukagua boti. Hii inavuja, ile inanuka mbwa. Miezi ikayeyuka, zikabaki siku tatu. Ndipo tukaipata ya Bwana Ogden, mstaafu aliyekuwa anahamia kwa bintiye. Ndefu, safi, ina jiko la makaa na kitanda kizuri, elfu ishirini na moja. Glenys alifungua kila kabati huku akitabasamu. Nilijua tumemaliza.

Kisha akatoka nje akasoma ubavuni, katikati ya mawaridi mekundu yaliyochorwa kwa mkono: BEVERLEY.

“Silali ndani ya huyo,” akasema.

“Bwana Ogden, si hilo jina tulipake rangi tu?” nikauliza.

“Boti haibadilishwi jina ikiwa majini, mpenzi. Ni mkosi, mtu yeyote wa mfereji atakwambia. Inyanyuliwe kwanza kwa winchi, na winchi ina foleni mpaka Pasaka.”

“Mpaka Pasaka nilale kwa Beverley? Barry anatosha.”

“Glenys, we mwanamke una akili?” Nilishapandisha hasira. “Ijumaa miezi sita inaisha. Watakukata mpaka msaada wa kodi, halafu ukale jina?”

Machozi yalimlengalenga, na hapo hasira yangu ikaniaibisha, maana nilijua si jina lililomuuma. Akapanda juu ya paa la boti ili tusimwone akilia, akapiga mguu kwa uchungu, akiwa na viatu vyake vya jikoni vyenye tope. Bati likalia. Akatazama chini. Akapiga tena, polepole, kama anayejaribu godoro dukani.

“Anakanyagika,” akasema.

“Nani?”

“Huyu Beverley. Kila asubuhi, kabla ya chai.” Akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Bwana Ogden alitutazama kama vichaa, akaenda kuchemsha maji.

Alhamisi akalipa. Baada ya wiki chache barua ikaja: nyumba unayoishi haihesabiwi kuwa akiba, hata ikielea. Msaada wake ukabaki.

Pasaka nilimpelekea mikate ya moto, nikamkumbusha habari ya winchi. Wakati huohuo Barry akapita kando ya mfereji na mwanamke wake. Mwanamke akasoma ubavuni, akashika kifua.

“Jamani, Glenys. Ulinipa heshima hii?”

“Karibu, mpenzi,” Glenys akamjibu kwa upole, akiwa amesimama juu ya paa, akifutia hapo tope la viatu vyake. Kwenye foleni ya winchi hajajiandikisha hadi leo.