Imefika Salama

Fundi Zubeir alitoka uvunguni mwa gari kwa mgongo, akakaa palepale kwenye mchanga ulioloa mafuta, akafuta bisibisi kwenye suruali. Hakuinuka. Jecha akajua habari si nzuri, maana fundi mwenye habari nzuri husimama na kutaja bei.

"Yakhe Jecha, gari hino uliuziwa moja?"

"Moja. Kwani watu huuziwa ngapi?"

"Basi weye umezidishiwa. Hizi ni mbili. Njoo utazame."

Jecha aliingia uvunguni akiburura goti lake bovu. Zubeir alikuwa amekwangua rangi nyeusi, na chini ya rangi ulitokeza mshono wa kuchomelea, mnene, wenye vinundu, umekatisha sakafu ya gari kutoka ubavu huu hadi ubavu wa pili na kupanda kwenye nguzo za milango. Mbele ya mshono chuma kilikuwa na asili ya kijani. Nyuma yake kilikuwa cheupe.

"Mbele imetoka kwa marehemu mmoja, nyuma kwa mwengine," alisema Zubeir. "Wamekata, wameunga, wamepaka rangi. Ndiyo maana mlango wako wa ubavuni haufungi. Gari inajikunja. Siku ikiingia shimo la maana, kila nusu itarudi kwao."

Alicheka. Kisha akauona uso wa Jecha, akaacha.

Jecha alikuwa muoka boflo. Miaka ishirini na miwili alioka kwenye tanuri la kuni nyuma ya nyumba yake Shumba Mjini, akapakia mikate kwenye boksi la baiskeli na kuisambaza madukani mpaka Konde. Mvua ikinyesha, nusu ya mikate ilirudi nyumbani imekuwa uji. Goti lilipoanza kumkataa, mama yake, Bi Mwatum, ndiye aliyesema gari inunuliwe. Hakuwa na kitu ila mikarafuu tisa aliyoachiwa na babake. "Iweke rehani," alisema. "Iko pale pale, haiwezi kukimbia." Mzee Nyange, mkopeshaji wa kijijini, akaipokea, akatoa pesa, akaandika karatasi: mikarafuu isipokombolewa kabla ya mchumo, imekuwa yake. Bi Mwatum akaweka dole gumba.

Gari Jecha aliiona kwenye simu. Nyeupe, inang'aa, imepigwa picha kila upande isipokuwa chini. Muuzaji alikuwa Unguja, akijiita Ashraf, mwenye sauti laini na maneno ya dini tele. Pesa zilikwenda kwa simu, gari ikaja kwa meli. Na siku ile Jecha amesimama bandarini na wengine waliongoja mizigo, gari bado imo ndani ya meli imefungwa kamba, ujumbe ukaingia: "Assalaam alaykum kaka Jecha. Gari imefika salama?"

Jecha aliguswa. Mtu keshapata pesa zake, bado anauliza! Akajibu kwa vidole vyake vizito vya kukandia unga: "Waalaykum salaam warahmatullah. Imefika salama alhamdulillah. Ahsante ndugu yangu, Allah akuzidishie."

Sasa, alipotoka kwa Zubeir, alimpigia Ashraf.

"Kaka yangu," Ashraf alisema, hata hakupandisha sauti, "gari umeipokea, umeshukuru, na dua umeniombea. Dua yako ninayo hapa." Akakata. Mara simu ikalia, na Jecha akatumiwa picha ya maneno yake mwenyewe. Tangu siku hiyo simu ya Ashraf ikawa haipokelewi.

Nyumbani, Bi Mwatum alikuwa amekalia kiti cha gari. Jecha alikuwa amevitoa viti vya nyuma ili kupisha mikate, na kimoja mama yake alikiomba kwa ajili ya mgongo. Kiliwekwa ukumbini juu ya vipande vya tofali, naye akikaa hapo tangu asubuhi, anachambua mchele, anavuta uradi, akimtaja Mungu kwa sauti ya chini.

"Fundi anasemaje?"

"Mlango tu, mama."

"Hata ingekuwa haitembei," alisema akipapasa ngozi ya kiti, "hichi peke yake kishanifaa. Lini utanipeleka nikaione mikarafuu yangu?"

Jecha alisema karibuni, akaenda uani akakaa mbele ya tanuri lililozimika. Si Ashraf aliyemuuma. Ashraf alikuwa mwizi, na mwizi kazi yake inajulikana. Aliyemuuma ni yeye mwenyewe, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, aliyemwombea mwizi dua kwa mkono wake.

Polisi walimwambia hayo ni madai, si jinai, aende mahakamani. Mahakamani karani alimwambia aanzie kwenye ofisi ya malalamiko ya wanunuzi, Chake Chake. Huko alimkuta kijana aitwaye Hamzah, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata, mpole, mwenye kumwita mzee wangu.

"Sheria iko upande wako, mzee wangu," Hamzah alisema, na alilisema kwa furaha ya kweli. "Muuzaji anatakiwa akupe kitu kinachofanana na alivyokitangaza. Kama sicho, unamrejeshea gari, anakurejeshea pesa. Au anatengeneza. Au anapunguza bei. Njia zipo."

Jecha alihisi mgongo wake umekuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Zubeir akwangue ile rangi. Alitaka kumbusu kijana yule mkono.

"Lete mkataba."

"Hatukuandikiana. Tulikubaliana kwenye simu."

"Simu nayo ni mkataba. Nipe tusome."

Hamzah alisoma akitabasamu. Akateremka, akateremka, mpaka tabasamu likakauka.

"Hapa kaandika gari inauzwa kama ilivyo. Nawe umejibu, nakubali inshaallah."

"Alinambia huo ni utaratibu tu."

"Na hapa kakuuliza, imefika salama? Ukasema salama, alhamdulillah."

"Gari ilikuwa bado imo melini! Sijagusa hata kitasa chake."

"Lakini umejibu salama."

"Kijana wangu, kwani kwenu mtu akikusalimu mnajibu nini?" Jecha alisikia sauti yake ikipanda na hakuweza kuishusha. "Siku aliyofariki baba, watu walikuja wakaniuliza habari, na maiti imo ndani haijaoshwa. Nikawajibu salama. Salama, ila tumefiwa. Ndivyo tulivyolelewa."

"Hata mie ndivyo nilivyolelewa, mzee wangu." Hamzah aliirudisha simu mezani taratibu. "Sasa hiyo ila iko wapi? Ungeliandika ila, tungelikuwa na pa kushika."

Jecha aliitazama simu kana kwamba neno lile lingeweza kujitokeza lenyewe.

Njia bado zilikuwapo, Hamzah alieleza, lakini sasa alizitaja haraka haraka. Ripoti ya fundi Zubeir haifai, kwa kuwa Zubeir hakusajiliwa. Mkaguzi aliyesajiliwa yuko Unguja. Gari irudishwe kwa meli, kwa gharama ya mlalamikaji. Kesi ifunguliwe huko huko aliko muuzaji, na kila ikitajwa Jecha awepo.

"Itachukua muda gani?"

"Mwaka. Pengine miwili."

"Karafuu zinachumwa mwezi wa pili kutoka sasa."

Hamzah hakuelewa karafuu zinahusu nini, na Jecha hakuwa na nguvu za kumweleza. Kijana alimsindikiza mpaka mlangoni, na hapo akashusha sauti.

"Mie sijakwambia kitu. Lakini wengi wanaofika hapa, mwisho wake huziuza. Kama walivyouziwa wao." Kisha akapandisha sauti ya ofisini: "Karibu tena, mzee wangu! Tutilie saini kwenye daftari."

Safu ya mwisho ya daftari iliuliza: Umehudumiwa vipi? Jecha alishika kalamu, akasimama nayo, watu wawili wakawa wanangoja nyuma yake. Akaandika: Salama.

Wiki tatu alikataa kuiuza. Alirudi kwenye baiskeli, goti likavimba, akasema bora livimbe. Lakini alipopita kwa Mzee Nyange alimkuta uani na watu wake wanatengeneza ngazi za kuchumia. "Mikarafuu ya mamako mwaka huu imezaa, mashaallah," Nyange alisema kwa ukarimu tu, kama anayempa salamu za jamaa yake.

Jecha akaipeleka gari kwa Zubeir.

"Nataka ipakwe chini," alisema.

Zubeir alimtazama kitambo. "Weye unapaka ili isipate kutu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi sawa. Mie napaka kwa ajili ya kutu." Akachukua kopo la rangi nyeusi na brashi, akaingia uvunguni. Mlango wa ubavuni aliugongagonga na kuuminya hadi ukafunga. Alipomaliza akapokea ujira wake bila ya kumtazama Jecha usoni, na hakumkaribisha kahawa.

Tangazo Jecha aliliandika kwenye kundi la simu la kuuziana vitu kisiwani. Alihangaika sana na maneno, akiandika na kufuta. Mwishowe akayafungua maneno ya Ashraf, akayanakili kama yalivyo: Gari nzima, haina tabu. Inauzwa kama ilivyo. Akaweka picha za kila upande. Chini hakupiga.

Aliyekuja ni mwanamke. Mwalimu Zulekha, wa Pujini, mwenye skuli ndogo ya maandalizi. Angekuja dalali, angekuja mjanja yeyote wa mjini, Jecha angemuuzia na kulala usingizi. Lakini alikuja Mwalimu Zulekha, buibui lake limerushiwa tope, amebeba ndizi mkono mmoja kwa ajili ya mama wa nyumba.

"Watoto wangu wanatoka mbali," alimwambia Bi Mwatum, wakiwa wamekaa ukumbini. "Mvua ikinyesha hawaji. Wazazi wamechanga tangu mwaka jana."

"Mungu akulipe," alisema Bi Mwatum, na akamtaka mwanawe amkatie mgeni boflo.

Uani Zulekha aliizunguka gari mara mbili. Alifungua mlango, akaingiza kichwa, akacheka. "Inanukia mkate! Watoto watapenda." Kuinama hakuinama. Uwanja ulikuwa tope, naye amevaa buibui. Tena mtu mzima humkagui uvungu wa gari yake baada ya kula mkate wake.

"Kaka Jecha," alisema, "mie gari sijui. Hafiz mume wangu anajua kuendesha tu. Nakuuliza wewe, na Mungu ndiye shahidi wetu. Haina tabu?"

Jecha alikuwa amejitayarishia jawabu siku nzima. Lakini mwanamke huyu, akiambiwa kweli, asingepiga kelele. Angeshukuru kwa kuambiwa, angemaliza boflo lake na kurudi Pujini kwa heshima. Na mikarafuu ingekuwa ya Nyange.

"Haina tabu," alisema. "Ila..."

Zulekha aliinua macho. Alingoja. Alingoja kweli, kichwa kimeinama upande, kama anavyongoja mtoto amalize kusoma herufi.

"Ila viti vya nyuma viko ndani," alisema Jecha. "Kimoja anakikalia mama. Nitavirudisha."

"Oh!" Zulekha akashusha pumzi, akacheka tena. "Nikadhani kitu."

Asubuhi ya pili Jecha alimshika mama yake mikono, akamwinua, akamkalisha kwenye mkeka.

"Kinarudi garini?"

"Nimeiuza, mama. Tunakomboa mikarafuu."

Bi Mwatum alikitazama kiti. "Kwa yule mwalimu?"

"Ndiyo."

"Basi vizuri. Watoto watakaa raha. Hichi hakiumizi mgongo." Akakipangusa kwa upindo wa kanga yake, mbele na nyuma, kama anavyopangusa chombo cha watu kabla ya kukirudisha. Jecha alitoka nacho haraka kifuani, uso wake umefichika nyuma ya kiti, na hilo alilishukuru.

Hafiz aliichukua gari saa nne. Mchana Jecha alikwenda kwa Nyange, akarudi na karatasi yenye dole gumba, akamtilia mama yake mkononi. Adhuhuri hakwenda msikitini. Alasiri alikwenda, akasimama safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu, yeye aliyekuwa hakosi nyuma ya imamu.

Aliporudi alikaa kizingitini, akatoa simu. Barabara ya Pujini ina mashimo, hilo alilijua. Gari ilikuwa imeshafika au haikufika. Alijiambia anaandika kwa sababu ana wasiwasi na mtu, na wasiwasi ulikuwapo kweli. Lakini vidole havikutafuta maneno. Maneno yalikuwa tayari.

"Assalaam alaykum Mwalimu. Gari imefika salama?"

Jawabu lilikuja hata hajaiweka simu chini. "Waalaykum salaam kaka Jecha. Imefika salama alhamdulillah. Watoto wamepanda, wamekataa kushuka. Kesho ndiyo wanaanza safari. Allah akulipe mema, wewe na mama."

Aliusoma mara tatu, akitafuta ila. Haikuwapo. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kama alivyoonyeshwa na vijana wa dukani, simu ikatoa mlio wa kamera, na maneno ya Zulekha yakawa picha. Akaihifadhi.

"Nani huyo?" Bi Mwatum aliuliza kutoka mkekani.

"Mwalimu wa Pujini."

"Watoto wazima?"

"Wazima, mama."