Nati ya Kabureta ya Nyuma

...na hii ya nyuma inavuta hewa kuliko mwenzake, inavuta, Norman ana hakika, ncha moja ya mrija wa mpira ameichomeka sikioni na nyingine ameielekeza kwenye mdomo wa kabureta, ssss, sasa ya mbele, ssss, zinatakiwa zitoe sauti moja, ndivyo kabureta mbili zinavyosawazishwa na ndivyo alivyofanya miaka arobaini katika gereji hii hii ya nyumbani kwake Coventry, kazi ya robo saa, na leo yuko hapa tangu alipomaliza chai... Alison, binti yake, amekuja tena mlangoni, funguo mkononi, anasema Baba, saa nne wanatungoja, kama vipi twendeni na gari langu, naye akamjibu dakika tano tu, mama yako nimemwahidi ataenda na hili, paa wazi, dakika tano, amezisema mara ngapi hizo dakika tano, na Hazel yumo garini tayari, koti limefungwa hadi kidevuni, sanduku magotini maana hataki liwekwe nyuma, leo haulizi wanakwenda wapi, jana aliuliza mara tisa, mara nane akamdanganya na ya tisa akamwambia ukweli, ni nyumba ya wazee, Hazel, watakutunza kuliko mimi, naye akaitikia kwa adabu kama mtu anayeelekezwa njia na asiyemjua, asante sana, bwana... bwana, miaka hamsini na mmoja ya ndoa... haya, spana kwenye nati, izungushe pembe moja tu, inyanyue pistoni ya kabureta kidogo kwa bisibisi, mlio unapanda kidogo halafu unatulia, sawa, barabara kabisa, hakuna cha kuongeza, na mkono wake, mkono wake mshenzi huu, unairudisha nati, pembe moja, mbili, tatu, injini inaanza kukohoa, usijidanganye, Norman, mara ya nne hii imekaa sawa na mara ya nne umeiharibu, kwa sababu gari bovu haliendi popote, uoga mtupu, mzee wa miaka sabini na tisa anajificha chini ya boneti, na anajificha nini wakati aliyemo garini si Hazel, Hazel aliondoka siku ile alipoteleka birika la umeme juu ya jiko la gesi, likayeyuka naye analitazama, au ile ya kutoka nje kwenye barafu na gauni la kulalia, akaanguka, Norman akaenda kumwinua akaanguka pia, wakalala pale wote wawili mpaka mtu wa barua alipopita, basi alipotia saini zile fomu alijiambia nampeleka mtu ambaye hayupo, na ni maneno hayo tu yaliyouwezesha mkono wake kuandika...

"Ilikuwa sawa."

Anautoa mpira sikioni. Anachungulia pembeni ya boneti, na Hazel anamtazama, amekunja uso vilevile kama zamani.

"Ilikuwa sawa, Norman. Mbona unaiharibu?"

Norman, amesema Norman, na ni kweli, Hazel ndiye aliyekuwa akikaa humo kila Jumapili mguu kwenye pedeli, hajui kabureta ni kitu gani, lakini sikio lake, Norman bado anahangaika na mpira, Hazel ameshasema hapo hapo, usiguse tena, kwa hiyo amesikia, mara zote nne amesikia ikikaa sawa na ikiharibiwa, yumo, miezi yote hii yumo, alipomlisha kama mtoto alikuwemo, alipomzungumzia mbele yake kama kiti alikuwemo, Mungu wangu, afadhali angenyamaza... injini inakohoa, spana iko pale pale kwenye nati, Alison anaita kutoka jikoni, na Norman anajua ataikaza, hana nguvu za kumwinua tena, hilo halijabadilika, ataikaza pembe tatu na gari litakwenda vizuri, na mtu anayempeleka ni Hazel, Hazel mwenyewe, naye atamwona Norman anapogeuka kumwacha kule.