Asilimia Mbili za Kituyi

Seline Adero alikuwa na gesti ya vyumba sita mjini Eldoret, na mwaka wa themanini na sita wageni wake wengi walikuwa mainjinia Wazungu waliokuja kufunga mitambo kiwandani. Hao hawakutembea na pesa taslimu. Walitoa kadi. Seline aliposema hapokei kadi, walimwangalia kwa huruma, kesho yake wakahamia hoteli kubwa.

Basi akaita maajenti wawili wa kampuni za kadi. Githinji, mtu wa maneno machache, kampuni yake ilitaka asilimia tano ya kila bili. Kituyi, mwenye tai nyekundu na mdomo usiofunga, alitaka mbili.

"Mbili tu, Mama! Hakuna wa kunishinda kutoka hapa mpaka Moi's Bridge."

Zeinab, rafiki yake aliyeuza vitambaa duka la jirani, alimwonya. "Dada, rahisi ni ghali. Muulize zile tatu zingine amezificha wapi."

Seline hakuuliza. Alitia sahihi bila hata kugeuza karatasi.

Mashine ikaja, chuma kizito cha kulaza kadi na karatasi ya kaboni juu yake, kisha unavuta mkono, kra-kra, nambari zinajichapa. Nyuma yake zikafuata habari moja moja kama kupe. Mashine ina kodi kila mwezi. Karatasi zinanunuliwa. Malipo ni baada ya siku arobaini na tano. Na bili ikizidi shilingi mia tatu, lazima apige simu Nairobi apewe nambari ya idhini.

"Mia tatu!" Seline alimwambia Zeinab. "Mgeni akilala siku mbili na kula mayai, tayari amepita!"

Jumanne moja Bwana Lars, Mswidi aliyekaa siku tisa, alitaka kulipa upesi awahi ndege Nairobi. Bili ilikuwa elfu mbili na mia moja. Seline akapiga simu. Laini ina watu. Akapiga tena, na tena, mpaka kidole kikamuuma. Akamwomba opereta.

"Nairobi imejaa, Mama. Ngoja."

Alingoja nusu saa. Alipopata, akasoma nambari za kadi hadi ya kumi na mbili, laini ikakatika. Alipopata tena, sauti ya kike ikamwambia, bila haraka yoyote, "Mwenye kupeana idhini ameenda chai."

"Chai?" Seline alifoka. "Saa tano hii? Huyu mzungu ndege yake nayo imeenda chai?"

Dereva alikuwa akipiga honi nje. Seline akavuta mkono wa mashine, Lars akatia sahihi, akaondoka.

Mwezi uliofuata karatasi aliyotia sahihi Lars ilirudishwa kwa posta. Hakuna idhini, hakuna malipo.

Seline hakulia. Alifunga mashine ndani ya leso, akapanda basi la alfajiri hadi Nairobi, kwenye ofisi kuu ya Kituyi, akaiangusha juu ya meza yake hata kalamu zikaruka.

"Lakini Mama, mbili ni bei ya chini kuliko zote!"

"Mbili ya sifuri ni ngapi, Bwana Kituyi?"

Kisha akavuka barabara hadi ofisi ya Githinji. Safari hii alisoma kila ukurasa kwa sauti, mbele na nyuma. Kodi? Hakuna. Malipo? Siku saba. Bila simu, mwisho ngapi? Elfu moja. Seline akakataa kutia sahihi mpaka Githinji, akihema, akaandika elfu tatu kwa mkono na kupiga muhuri.

Pesa za Lars zilifika Oktoba, baada ya Seline kumwandikia barua: hundi ya Uswidi, pamoja na maneno mengi ya kuomba msamaha kwa kosa lisilo lake. Benki ikamwambia Seline angoje wiki sita ili hundi hiyo ibadilishwe.

Seline alimwangalia karani, akavuta kiti, akaketi.

"Nionyeshe hizo wiki sita zimeandikwa wapi," alisema.