Kiti cha Nahodha wa Heru Juu

Katika mchezo ule wa kompyuta, wa kuendesha chombo cha anga, kila mtu ana kazi ya mikono isipokuwa nahodha. Mwenye usukani ana vitufe vyake, mwenye silaha ana vyake, mwenye injini ana vyake, na mwenye rada ana vyake pamoja na kipaza sauti cha kuzungumza na vyombo vingine. Nahodha hana kitufe hata kimoja. Anakaa nyuma ya wenzake, anatazama skrini kubwa iliyo ukutani, anasema lifanyike hili au lile. Ndiyo maana mjini Kasulu kila aliyesikia habari za mchezo huo alitaka kuwa nahodha.

Makarius alikipata kiti kwa sababu kompyuta zilikuwa zake. Aliachiwa na shirika moja lililofunga ofisi zake kwenye kambi ya wakimbizi, akazipanga katika chumba cha nyuma cha jengo la Mzee Ntirampeba, jirani na soko. Kisha akatangaza kwamba anaunda kikosi cha watu wa kujitolea, watakaoendesha chombo cha anga kwa pamoja, na kukutana kwa mtandao na vikosi vya miji mingine. Chombo alikiita Heru Juu, kwa heshima ya kijiji alikozaliwa.

Tumwelewe Makarius. Alikuwa amekwisha kuwa makamu katika chama cha wakulima, msaidizi wa katibu kwenye kwaya, na mjumbe wa kamati zaidi ya alizoweza kuzikumbuka. Kila mahali alikalia kiti cha pili au cha tatu. Sasa Mungu alikuwa amempa cha kwanza, tena chenye magurudumu.

Wiki za mwanzo zilikwenda kwenye kofia. Kikosi kiliunda kamati ya sare, kamati ikagawanyika juu ya rangi, na ikabidi iundwe kamati ya usuluhishi. Kofia zilipopatikana, za bluu, zenye nyota iliyodariziwa na Asmahani, ndipo mtu alipouliza chombo kinawashwaje.

Asmahani alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyeshika usukani. Mtu aliyezoea kupitisha kitambaa chini ya sindano bila kuchomwa mkono hakupata taabu kupita kati ya mawe ya angani. Swaumu, wakala wa pesa za simu, alishika rada na mawasiliano, lakini mteja akipiga hodi dirishani aliondoka hata kama adui yuko mlangoni. Silaha zilikuwa za Venanti, katekista, mtu mpole kupita kiasi.

"Venanti, piga!" Makarius alikuwa akisema.

"Nimewaonya mara moja, Nahodha. Nawaonya tena."

"Hawakusikii! Wako angani!"

"Na sisi tuko angani, mbona tunasikilizana?"

Injini ilikuwa ya Fidele, mchomelea vyuma, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakabaki kuwa Watanzania. Fidele hakuwa na maneno. Alitazama mistari ya joto kwenye skrini yake kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa, na Heru Juu haikupata kuungua akiwapo.

Kuongoza watu wa kujitolea ni kazi ngumu kuliko jeshi. Mfanyakazi ukimkaripia anakumbuka mshahara. Mtu wa kujitolea ukimkaripia anakumbuka kwamba nyumbani kuna nguo hazijafuliwa. Kwa hiyo Makarius hakukaripia. Aliwapa vyeo. Swaumu akawa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Nje. Venanti akawa Mkuu wa Ulinzi na Maadili. Asmahani alipoambiwa yeye ni Naibu Nahodha wa Mambo ya Mwendo, aliuliza kama cheo hicho kinamruhusu kuondoka mapema, akaambiwa hapana, akasema basi kibaki huko huko.

Mambo yalikuwa hivyo hadi Mzee Ntirampeba alipopita sokoni, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Makarius, maharage yanaanza kuvunwa. Nakitaka chumba changu kiwe ghala."

"Mzee, tupo katikati ya kazi."

"Kazi gani? Naambiwa mnacheza."

"Ni mchezo, Mzee, lakini ndani yake kuna uongozi, kuna nidhamu, kuna mawasiliano. Vijana wa Kibondo wanao wao. Jumamosi tunakwenda nao safari moja, kusindikiza chombo cha dawa. Njoo uwe mgeni rasmi. Ukiona ni upuuzi, lete magunia yako jioni ile ile."

Ntirampeba aliyajua maneno mengi, lakini hakuna aliloliheshimu kama "mgeni rasmi". Akakubali.

Ntirampeba alipoondoka ndipo Fidele aliposema kwa mara ya kwanza wiki ile. "Nahodha, yule ni baba mkwe wangu."

"Najua. Nilikula pilau harusini kwako."

"Basi Jumamosi mimi sitakuwamo. Siwezi kukaa kwenye kiti yeye amesimama. Siwezi kumpa mgongo. Na kompyuta yangu imeelekea ukutani. Esteri akisikia nimempa baba yake mgongo, nitalala kwa fundi baiskeli."

Asmahani akacheka. "Wewe unaogopa mawe ya angani au unaogopa mke?"

"Mawe nayaona yanapotoka, dada."

Wakajadili. Uamuzi ukawa ni kutundika pazia la kitenge kati ya injini na mahali atakapokaa mgeni. Mgeni ataingia kwa mlango wa mbele, atakuta kiti chenye kitambaa cheupe, atakaa, atatazama skrini kubwa. Fidele atakuwa nyuma ya pazia tangu mapema, na kwa kuwa hawataonana hakutakuwa na kosa. Makarius aliusifu mpango huo kwa maneno marefu.

Jumamosi mchana kikosi kilikuwa tayari, kofia kichwani. Mgeni rasmi hakuwapo. Kibondo walikuwa kwenye spika, na nahodha wao, Faudhia, mwenye duka la vyombo vya plastiki, hakuwa mtu wa kungoja.

"Heru Juu, mpo au mnapika?"

"Tunamsubiri mgeni rasmi," Swaumu akajibu.

"Angani kuna mgeni rasmi? Sisi tunaondoka. Mchezo ukianza hausimami, mnajua."

Makarius alitazama mlango wa mbele, akatazama skrini, akasema kwa uchungu, "Twende."

Walikwenda vizuri. Asmahani alikipitisha chombo kati ya mawe, chombo cha dawa kikifuata nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba, Kibondo wakilinda upande wa pili. Maadui walijitokeza mbali. Makarius alikuwa amenyanyua mkono ili atoe amri nzuri, aliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo, mlango wa nyuma ulipofunguka kwa ufunguo.

Hakuna aliyekuwa amekumbuka kwamba mwenye nyumba ana funguo zake. Ntirampeba hakuona sababu ya kuzunguka jengo lake mwenyewe. Aliingia kwa mlango huo wa nyuma, amevaa koti, akatokea nyuma ya pazia, uso kwa uso na mkwewe.

"Mwidiwe," akasalimu kwa Kiha.

Hapo malezi mema yakakaribia kukiangamiza chombo kizima. Kwa Waha, wenyeji wa Kasulu, mkubwa akisalimu, mdogo hapungi mkono wala hatikisi kichwa. Anainama na kupiga makofi ya taratibu, kwa mikono yote miwili. Asmahani aliachia usukani akainama, akapiga makofi. Venanti aliacha silaha, akapiga makofi. Swaumu alisema shikamoo, kisha naye akapiga makofi ili asionekane mgeni. Makarius alipiga kwa nguvu kuliko wote. Mzee akajibu, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mihogo. Zote zilikuwa njema. Heru Juu ilikuwa ikienda yenyewe kuelekea kwenye jiwe lenye ukubwa wa mlima.

Fidele alikuwa amechuchumaa chini. Kisha, bila kumpa mzee mgongo, akaanza kurudi kinyumenyume, akalipita pazia, akakipita kiti chenye kitambaa cheupe, akautafuta mlango wa mbele kwa kisigino, akatoka.

"Jiwe!" Asmahani alipiga kelele, akarukia usukani. Chombo kikapinda, jiwe likakwangua ubavu, taa zote kwenye skrini zikawa nyekundu.

"Heru Juu, mmelala?" Faudhia akauliza kwenye spika.

"Injini!" Makarius akaita. "Injini!"

Kiti cha injini kilikuwa kitupu, mistari ya joto ikipanda. Makarius akatazama huku na huku. Swaumu akasema yeye ni Mawasiliano ya Nje. Venanti akasema ana silaha na maadili, mzigo unamtosha. Nje ya dirisha, kofia ya bluu ya Fidele ilionekana, imeinama chini ya ukingo ili isionekane na mkubwa.

"Fidele, rudi!"

"Mzee yumo?"

"Yumo!"

"Basi simo."

Kwa Makarius hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Chombo kikilipuka, mgeni atakuwa ameona upuuzi mtupu, na jioni magunia yatalala hapa. Kukiokoa, lazima mtu ashike injini, na asiye na vitufe ndani ya chumba kile alikuwa mmoja. Alikiacha kiti chake chenye magurudumu, akaenda nyuma ya pazia, akakaa.

"Huu mstari mwekundu nifanyeje?"

"Ushushe!" sauti ikatoka chini ya dirisha. "Usiguse wa kijani! Wa kijani ni ngao!"

"Nimeugusa!"

"Urudishe, baba! Taratibu. Usiubonyeze kama kengele."

Mzee Ntirampeba alikuwa bado amesimama kando ya pazia. Kiti chenye kitambaa cheupe kilikuwa ng'ambo, nyaya zimetapakaa njiani, na yeye si mtu wa kuruka nyaya. Karibu yake palikuwa na kiti kizuri, chenye magurudumu, kitupu. Akaketi, akaweka fimbo magotini.

Swaumu hakugeuka. Kwa wiki nyingi alikuwa amefundishwa kutoa taarifa kwenye kiti kile. "Nahodha, maadui upande wa kulia, wanakuja kasi."

Ntirampeba akatazama skrini. Aliona vidoa vyekundu vikiikaribia nukta ya bluu. "Sasa mnangoja nini?" akauliza.

Venanti alikuwa na maonyo mengine kinywani, lakini aliisikia sauti ya mtu aliyewahi kuwahamisha wapangaji wake kabla ya Pasaka. Akapiga. Akapiga tena. Kidoa kimoja kikazimika, kisha kingine.

"Nahodha, tupite kati ya mawe au tuzunguke?" Asmahani akauliza, macho mbele.

"Njia fupi ni ipi?"

"Kati ya mawe."

"Basi pita. Watu wana kazi zao."

Akapita. Nyuma ya pazia Makarius alikuwa akitokwa jasho, kidole kimoja kwenye kitufe, sikio dirishani. Fidele alimwambia panda, akapanda. Alimwambia shuka, akashuka. Mara mbili mstari ulifika juu kabisa, na mara zote mbili akauteremsha kabla haujapasuka, akasikia moyoni furaha ambayo hakuwa na nafasi ya kuichunguza.

"Nahodha," Swaumu akasema, "Kibondo wanaomba tuwape ngao yetu."

"Waombe vizuri," Ntirampeba akasema.

Faudhia aliomba vizuri. Ngao ikatolewa. Chombo cha dawa kikaingia kituoni bila mkwaruzo, na Heru Juu nyuma yake, imechubuka, moshi ukiitoka kwenye skrini.

Spika ikakoroma. "Heru Juu, hongereni! Leo mna nahodha. Huyo mmemtoa wapi? Yule wa siku zote alikuwa anahutubia tu."

Makarius alitoka nyuma ya pazia, kofia imelowa.

Ntirampeba alikuwa akikizungusha kiti kidogo kulia, kidogo kushoto. "Makarius, nilidhani mnacheza. Kumbe ni kazi. Watu wanauliza, unajibu, jambo linafanyika. Chumba kibaki. Maharage nitayatafutia pengine."

"Asante sana, Mzee!"

"Nitakuwa nakuja kila Jumamosi." Akapiga mkono wa kiti. "Hapa pananifaa."

Makarius alianza kuhesabu vidoleni. Alikuwa na hoja. Mwanzilishi ni nani, kompyuta za nani, mgeni rasmi hukaa siku moja akaenda. Akawatazama wenzake. Venanti alikuwa akisoma nyota ya kofia yake. Swaumu alikuwa amekumbuka mteja.

"Kubali, kaka Makarius," Asmahani akasema polepole. "Ukikataa hatuna chumba. Na huyu akija, Fidele haingii. Injini itashikwa na nani?"

"Na mimi, nahodha mwanzilishi, niwe chini ya mtu aliyeingia leo kwa mlango wa nyuma?"

"Hujawahi kuwa chini ya mtu? Angalau chini ya huyu una vitufe."

Dirishani Fidele alikohoa, kwa adabu. "Mstari wa pili hujauelewa bado," akasema. "Lakini utauelewa. Mikono yako si mibaya."

Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemwambia Makarius jambo lolote kuhusu mikono yake. Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. "Karibu, Nahodha," akamwambia Ntirampeba.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuja mapema, amevaa kofia ya bluu aliyoshonewa kubwa kuliko za wengine. Fidele aliwekewa kigoda nje, chini ya dirisha. Katikati ya safari, adui nyuma yao, Ntirampeba alinyoosha fimbo kuelekea kwenye skrini.

"Ongeza mwendo! Wote!"

Asmahani alikuwa tayari. Swaumu na Venanti wakageuka kutazama pazia. Makarius aliutazama mstari wa pili, ambao sasa aliuelewa, akauona uko juu kidogo kuliko alivyopenda. Hakumwuliza Fidele.

"Ngoja, Nahodha," akasema. "Injini bado ina moto."

Mwenye nyumba, mgeni rasmi wa kudumu, nahodha wa Heru Juu, aliishusha fimbo yake magotini, akangoja.