Mlango wa Mama Mkwe

Usiku wa jana niliota mlango umekaa kwenye ncha ya kitanda changu, umenuna.

Ulikuwa wa mninga, haujapakwa vanishi. Nilishtuka, si kwa sababu ya mlango kukaa kitandani, bali kwa sababu niliutambua. Ulikuwa mlango wa chumba cha mama mkwe katika nyumba ninayojenga hapa Nzega, na mbao zake hata hazijanunuliwa.

"Nimekuja kukataa kazi," ukasema.

"Hata hujaanza."

"Ndiyo maana nimewahi. Kesho Fundi Masele anapandisha kuta."

Niseme ukweli, ramani ile niliichora mwenyewe, kwenye karatasi ya viboksi, kwa ubishi wangu. Korido fupi, mlango wetu huku, wa mama mkwe unatazamana nao, choo cha ndani mwisho. Milango yote niliichora ifungukie koridoni ili vyumba vipate nafasi. Mke wangu Nyamizi aliitazama akaniuliza, "Baba Shija, mama atakwendaje msalani na wewe umesimama mlangoni na bukta?" Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso hivi hivi, sembuse koridoni. Nikamjibu kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na korido ndefu inakula tofali. Tulikuwa tumembembeleza mama yake misimu mitatu aache kuishi peke yake kule Bukene, na ndiyo kwanza amekubali. Akija akaona aibu, ataondoka na hatarudi tena.

"Twende tukakague," mlango ukasema.

Niko koridoni. Kuta ni mistari ya penseli, sakafu ina viboksi. Nafungua mlango wangu, na papo hapo wa pili nao unafunguka, vitasa vinagongana. Mama mkwe anatoka na ndoo ya maji, ananiona, anajifunika uso kwa khanga, anarudi ndani. Nami narudi. Nahesabu mpaka mia, nafungua. Kumbe naye alikuwa anahesabu mpaka mia.

Tunaendelea hivyo mpaka ndevu zangu zinakuwa nyeupe. Mwanangu Shija, ambaye yuko darasa la pili, anapita na wajukuu zangu, wananiamkia. Mama mkwe hajafika msalani tangu tuhamie.

"Mama, pita tu, nimefumba macho," nasema.

Hanijibu mimi. Anazungumza na mlango. "Mwambie mkwe wangu sipo."

Mlango unanigeukia. "Hayupo."

"Mwambie namsikia."

"Anasema anakusikia."

"Mwambie aseme hajanisikia."

Nikasema sijamsikia. Adabu ni adabu. Kisha chumbani kukawa kimya, kimya cha kunitia hofu, nikausukuma mlango ili nijue kuna nini.

Ndani hakukuwa na chumba. Nilitokea Bukene, uani kwa mama mkwe, jua limewaka. Mbele ya choo cha nje, chenye mlango wa bati uliofungwa kwa waya, mama mkwe yuko chini ameshika goti.

"Aliteleza hapa asubuhi," bati likasema. "Akakaa mpaka saa tisa alasiri, ndipo akajikokota ndani."

"Lini?"

"Wakati wa mavuno."

"Mbona hakutuambia?"

"Alisema mkijua mtamchukua kwa nguvu, na huko kwenu hajui kama kuna njia ya kupita."

Nikanyoosha mkono nimwinue, nikakumbuka kuwa mama mkwe hashikwi. Mkono ukabaki hewani. Mimi niliyesema mambo hayo yamepitwa na wakati nilisimama pale kama mjinga, na roho iliniuma sana.

Mlango wa mninga ulinipita bila kunitazama, ukalala chini karibu naye. Mama mkwe akajivuta taratibu mpaka akalala juu yake.

"Hii kazi naikubali," ukasema, ukamwinua.

Niliamka nimelowa jasho. Kulikuwa kumekucha. Sikunawa wala sikunywa chai, nikaenda moja kwa moja kiwanjani na ramani yangu. Fundi Masele alikuwa anakoroga udongo.

"Mlango wa mama uhamie upande wa jikoni," nikamwambia. "Na ukuta wa chumba chake unaopakana na choo, toboa mlango. Ule wa choo unaofungukia koridoni uzibe. Choo ni chake peke yake."

"Na nyie?"

"Tutachimba cha nje."

"Choo cha ndani si ndicho ulichokipigia kelele miaka yote?"

"Kina mwenyewe sasa."

Nyamizi, aliyekuwa amenifuata na chupa ya chai, alisikia yote. Sikuwa nimemsimulia ndoto. Akampigia mama yake palepale, akaweka sauti kubwa. Mimi nikasogea pembeni kama inavyotakiwa.

"Mama, Baba Shija amehamisha mlango wako. Utaingia msalani kutokea chumbani, hukutani na mtu."

"Mwambie mkwe wangu ahsante," mama mkwe akasema. "Na umwambie goti halinisumbui sana siku hizi."

Nyamizi akanigeukia na simu mkononi. "Goti gani?"

Mimi nilikuwa nimeshakaa chini kwenye rundo la tofali.